Divai Ingali Pipani

Bertrams, Johannesburg
Juni 2017

Mama yangu mpenzi, Mama Jeannine,

Yesu asifiwe. Nakusalimu kwa mikono miwili kama ulivyotufundisha, ingawa mmoja umeshika kalamu na wa pili uko chini ya blanketi, maana baridi ya Johannesburg mwezi huu haina adabu. Goti lako linaendeleaje? Na lile paa la jikoni, walishalitengeneza, au mngali mnatega sufuria mvua inaponyesha? Dada Jeannine na watoto wake hawajambo? Sisi huku tunaamka, tunamshukuru Mungu. Mkweo Elisée anakusalimu sana. Bado analinda lile jengo la ofisi, na bado analalamika kwamba kofia waliyompa ilishonewa mtu mwenye kichwa kikubwa.

Utashangaa kuletewa barua na mtoto mwenye simu. Lakini simu yako, Mama, tusidanganyane, ni redio ya mtaa mzima wa Bagira. Nikipiga, Jeannine anapokea, anaweka sauti ya juu, na kabla sijakuamkia jirani ameshauliza kama huku kuna theluji. Nina neno ambalo halifai kupita kwenye masikio yote hayo. Ndiyo maana nimempa Gaston, mwanakwaya mwenzetu anayerudi Bukavu kuoa, akukabidhi mkononi. Usimwache aondoke bila kula. Kisha soma peke yako, ukiwa umekaa, na tafadhali usianzie mwisho. Nakujua.

Jeannine aliniambia kwamba wazee wa upande wa Elisée walikuja kwako baada ya Pasaka. Walikunywa soda zako, wakasifu nyumba, kisha wakauliza kama mti usiozaa unafaa kuendelea kumwagiwa maji. Najua uliwajibu kwa upole, ukawasindikiza mpaka barabarani, halafu ukaingia chumbani ukalia. Najua pia wamesema watarudi. Hilo ndilo lililonikalisha niandike. Lakini nitafika huko polepole, kwa sababu bila kwanza kukueleza kazi yangu neno langu halitaeleweka.

Uliponiuliza nafanya nini kwa Lindiwe nilikujibu kwamba tunauza vinywaji. Hapo hapo nikasikia kwenye simu kwamba umeshaanza kuniombea. Basi ukweli wote ni huu. Lindiwe ni mama wa Kizulu, mcheshi, mwenye sauti nene, na ana nyumba ya zamani kule mtaa wa Observatory, juu ya kilima. Humo anauza divai nyekundu ya Ufaransa. Alinichukua kwa ajili ya Kifaransa changu: ndimi ninayezungumza na madalali wa Bordeaux, ninayesoma wanayoandika, ninayemtafsiria. Na divai anayouza majira haya si ile unayoiona dukani. Iko bado kwao, ndani ya mapipa ya mbao. Zabibu zake zilichumwa mwaka jana tu. Itakaa humo mpaka wenyewe waone imetulia, ndipo waitie kwenye chupa, na huku kwetu itafika mwaka 2019, Mungu akipenda. Lakini watu wanainunua sasa hivi. Wanalipa, wanaandikiwa karatasi, na wanarudi nyumbani mikono mitupu na nyuso za harusi. Mwanzoni nilimwuliza Lindiwe, kwa heshima zote, kama polisi wanajua.

Ili mnunuzi asinunue gizani, madalali huchota kidogo kutoka kila pipa, wakatia kwenye vichupa vilivyoandikwa kwa mkono, wakavituma kwa ndege. Vikifika ni mbio, maana divai changa ikitolewa pipani haina nguvu ya kukaa. Lindiwe anawaita wateja. Tunatandika kitambaa cheupe, tunapanga glasi, tunafungua mapazia. Wanaingiza pua kwenye glasi na kufumba macho, na chumba kinanyamaza kama kanisani wakati wa maombi ya kimya. Jua la baridi linapenya kwenye glasi na kutia madoa ya zambarau juu ya kitambaa. Mtu anaweza kusahau kwamba nje kuna magari. Mama, ni pazuri. Naona haya kusema hivyo, mimi mtoto wa shemasi, lakini ni pazuri.

Kisha wanatema. Ndiyo, watu wazima wenye tai, wanatema ndani ya ndoo, na hakuna anayeomba radhi. Mwaka jana, ilipokuwa mara yangu ya kwanza, sikuweza. Wewe ulitufundisha kwamba cha mwenyeji hakitemwi. Hata maharagwe yakiwa na mawe, unameza na kushukuru. Basi Lindiwe aliponipa nionje ili nijue ninachotafsiri, nilimeza. Glasi baada ya glasi, kwa adabu kabisa. Jioni nilishuka kilima kwa miguu kurudi Bertrams, nikafika kwenye taa za barabarani, ambazo huku wanaziita robot. Zikawa nyekundu, zikawa kijani, zikawa nyekundu tena, na mimi nimesimama pale pale nawaimbia madereva wimbo wa kwaya, sauti ya pili. Elisée ndiye aliyekuja kunichukua. Tangu siku hiyo natema, na kila ninapotema nakuomba msamaha moyoni.

Nisikufiche kwamba sikuona wanachokiona. Divai changa si tamu hata kidogo. Ina ukakasi kama wa ndizi mbichi. Inakausha ulimi na kuvuta mashavu. Lindiwe alinieleza kwamba huonji jinsi ilivyo, unaonja itakavyokuwa. Mimi nilikuwa napata ukakasi na wino, basi. Nilitafsiri maneno mazuri ya madalali bila kuyaamini, kama mtu anayesoma tangazo la ndoa ya watu asiowajua.

Mwaka huu, mwezi wa nne, vichupa vya mavuno mapya vilipofika, nikainamia glasi ya kwanza na sikuwa tena Observatory. Nilikuwa jikoni kwako. Makaa yaliyomwagiwa maji, na majani ya ndizi uliyofunikia sufuria. Katika glasi ya pili nilikuta koti la Baba siku ya mvua, lile ulilokataa kuligawa baada ya mazishi. Katika nyingine lilikuwepo ziwa asubuhi, na vidagaa vya sambaza vimeanikwa, na wewe unakuja kwa mbali na beseni. Nilikunusa, Mama. Nilinusa sabuni yako. Nilikuwa nasema yote hayo kwa sauti, kwa Kiswahili, macho yamefumbwa, bila kujijua. Nilipoyafumbua, watu wote walikuwa wananitazama, na Lindiwe akaniomba nirudie kwa Kiingereza. Bwana mmoja alicheka akasema yeye haoni samaki wowote humo, na huenda alikuwa sahihi, maana mimi sijui kanuni zao. Lakini Lindiwe alipendezwa, na wateja wakaanza kuniuliza kila glasi imenipeleka wapi.

Wala haikuwa divai tu. Nilinusa mkate ukiiva mitaa mitatu mbali. Nilijua Elisée amekaribia kwa harufu ya viatu vyake, akiwa bado hajafika kwenye geti. Jumamosi moja nilikwenda Fordsburg na Mayasa, jirani yetu wa chumba cha pili, Mwislamu wa Tanga anayeshona nguo za wanawake, na ile mitaa ya viungo ikanishinda kabisa. Yeye akaingia kununua vitambaa, mimi nikakaa nje juu ya ndoo ya mtu, nikivuta pumzi ndani ya mtandio. Siku zikawa zinapita kama ndoto za mchana. Niliweza kusimama uani na nguo mbichi mkononi, nikasahau kuzianika, kwa sababu upepo umeniletea kitu cha nyumbani.

Na hapo Lindiwe akaniahidi kwamba Aprili mwakani atanichukua twende Bordeaux. Angeshughulikia makaratasi yote. Tungeshuka wenyewe kwenye maghala, tungeonja mlangoni kwa mapipa, na mimi ningesema ninachokiona naye angenunua. Mama, nilifurahi mpaka nikaogopa. Sijawahi kuwa na kitu ambacho mtu angeweza kunitafuta kwa ajili yake. Tangu siku hiyo nilikuwa natembea Bertrams, roho iko Bordeaux, natamka majina ya vijiji vya Wafaransa kama mtu anayejifunza zaburi.

Kosa langu lilikuwa kumweleza habari hizi Mama Angélique, kiongozi wa waombezi kanisani kwetu. Nilidhani atafurahi. Aliita kamati. Swali lililojadiliwa, na nakuapia silitungi, lilikuwa kama divai iliyotemwa imenywewa au haikunywewa. Mzee mmoja alitetea kwamba kiingiacho kinywani hakimtii mtu unajisi. Mwingine akajibu kwamba hiki hakikuingilia kinywani, kiliingilia puani, na puani ndimo Mungu alimopulizia Adamu uhai, kwa hiyo ni mlango mkubwa zaidi. Wakakata shauri kwamba nina roho ya divai. Wakanipa mfungo. Siku ya kunifungua, bamama wakanizunguka wakiimba, na Mama Angélique akaniwekea kiganja juu ya pua. Kiganja hicho kilikuwa kimetoka kumenya vitunguu. Nikatapika pale pale mbele ya madhabahu, na kanisa zima likalipuka kwa haleluya, maana pepo alikuwa ametoka hadharani. Mpaka leo wanashuhudia muujiza huo, na sijapata moyo wa kuwasahihisha.

Nilirudi nyumbani nikiyumba. Mayasa alinikalisha kwenye kitanda chake, akanipa maji ya tangawizi, akasikiliza hadithi nzima ya pepo bila kucheka, na kwa jinsi alivyo mtani, hilo si jambo dogo. Kisha akaniuliza mambo mawili matatu ya kike. Akaniambia hilo si pepo, shoga yangu, hilo ni mtu.

Mama, usipige kelele. Kaa. Usimwite Jeannine. Ndiyo, ni kweli. Mayasa alinipeleka kliniki mwenyewe, na nesi akathibitisha. Lakini hilo bado silo neno langu, kwa hiyo futa macho uendelee.

Nesi alikuwa mkali. Alisema hakuna kuonja tena, hata kwa kutema, na hakuna kusimama kutwa. Alipojua niliwekwa kwenye mfungo akaomba jina la kanisa, nikajifanya sijui Kiingereza. Mayasa naye akanieleza kwamba pua hiyo si yangu, ni ya mtoto. Kwao Tanga wanawake wengi huwa hivyo, na akizaliwa anaondoka nayo. Nikamwendea Lindiwe nikamwambia yote. Alinikumbatia, akaguna ile eish yao ndefu, akasema Bordeaux ataenda na mtu mwingine. Nisikudanganye, Mama, nililia kwa ajili ya Bordeaux. Nililia nikajiona mwovu, mtu aliyepewa alichokiomba miaka yote halafu anasikitikia safari. Lakini nililia.

Wiki iliyopita ilikuwa siku ya mwisho ya kuonja mavuno haya. Mimi nilikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, naandika tu. Akaja Mzee Kaplan, mteja wa zamani anayeishi jirani na Lindiwe. Umri wake umepita themanini. Anatembea na fimbo, anatema vibaya, mara nyingi juu ya kiatu chake mwenyewe, na hamwombi mtu msaada. Akaonja, akakunja uso, akaagiza divai ambayo Lindiwe mwenyewe alimwambia haitakuwa nzuri kuinywa kabla ya miaka ishirini. Sijui ni mimba au ni nini, siku hizi ulimi wangu hauna breki. Nilimwuliza kwa nini ananunua kitu ambacho huenda kisimkute.

Lindiwe alinikata jicho, lakini mzee hakukasirika. Alisema katika maisha yake amenunua nyingi namna hiyo. Nyingine zilifika zimeharibika. Nyingine alimnunulia mkewe, mkewe akafa kabla hazijafunguliwa. Akasema lakini furaha yake huanza siku anaponunua, si siku anapofungua, na hakuna chupa mbovu iliyowahi kurudi nyuma ikamnyang'anya furaha ya kuingojea. Angesubiri mpaka awe na hakika, asingekuwa na divai wala asingekuwa na kungojea. Kisha akalalamika kwamba chai tuliyompa imepoa, na kweli ilikuwa imepoa.

Niliteremka kilima nikilia. Si kilio cha huzuni hasa, sijui nikiite nini. Jua lilikuwa linawaka bila joto, kama linavyofanya huku wakati wa baridi, na nyasi zote za kilimani zimekauka zikawa rangi ya mkate, nami nilikuwa napita katikati yake nikihesabu ni nani katika dunia hii anayemngojea mtoto huyu. Nilimkuta Elisée. Nilimkuta Mayasa. Wewe sikukukuta, na kosa ni langu.

Sasa neno langu ndilo hili. Mimba hii si ya kwanza, Mama. Ni ya nne.

Ya kwanza ilikuja tukiwa bado Bukavu, mlipokuwa mnahangaika na harusi ya Jeannine. Nilikusaidia kupika huku inatoka, ukanisuta kwamba ninakaa kaa sana chini. Ya pili ilikuja mwaka aliofariki Baba. Ulinikuta nalia ukadhani namlilia yeye, nami nilikuwa nawalilia wote wawili. Ya tatu niliipotezea hapa hapa Johannesburg. Elisée aliosha sakafu mwenyewe, akafungulia maji bafuni ili nisimsikie akilia. Siku hiyo hiyo ulipiga simu kuuliza hali, nikakujibu kwamba sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu.

Sikukuficha kwa kutokukuamini. Nilifuata mliyotulea nayo, kwamba mimba haitangazwi, maneno huiita hatari, mtu angoje kwanza aone. Nami nilingoja niwe na hakika ndipo nikuambie, na hakika haikuja hata mara moja. Kila mmoja wao aliondoka kabla hujajua kwamba alikuwepo. Nilimweleza Mayasa hayo, akasema kwao wana msemo kwamba mficha uchi hazai. Tulicheka mpaka tukaishia kulia, yeye kwa kunionea huruma, mimi kwa kuona jinsi nilivyokuwa mpweke miaka yote hii nikiwa na mama aliye hai.

Kwa hiyo wazee wakirudi, usiinamishe kichwa. Wape soda zao. Kisha waambie kwamba binti yako si tasa. Binti yako amefiwa.

Na huyu wa sasa sina hakika naye pia, sitaki kukudanganya. Mwezi huu wa mimba ndio mwezi ambao wale wengine waliniacha. Nalala ubavu wa kushoto kama nilivyoagizwa, nanyanyuka polepole, nanusa dirishani mkate wa watu. Asubuhi nikiamka kitu cha kwanza ni kuangalia kama harufu zingalipo. Zikiwepo, najua yupo. Leo zipo.

Ombi langu ni moja. Najua mwiko wetu, kwamba mtoto hanunuliwi kitu kabla hajalia duniani. Nakuomba, Mama, uuvunje. Jumamosi nenda soko la Kadutu ukachague kitenge cha kumbebea. Chagua kwa muda mrefu, gombana na wauzaji kama kawaida yako, na wakikuuliza ni cha nani, useme ni cha mjukuu wako. Usiseme tunangoja tuone. Akifika, utambebea mgongoni. Asipofika, jifunge wewe mwenyewe kitenge hicho, ukae chini, umlilie pamoja nami, maana nimechoka kulia peke yangu.

Nisalimie Jeannine, umwambie nitampigia mwenyewe, asikasirike. Nisalimie bamama wa kwaya, na yule jirani wa theluji. Elisée anasema goti usilisahau, ulikande kwa maji ya moto. Bwana akulinde uingiapo na utokapo, nasi atulinde huku tuliko.

Ni sisi tunaokupenda,

binti yako Murielle,
na mjukuu wako.